Shajara: 1NZ ya Probox, konrodi namba 3 na bolti zake

14 Juni 2025: sampu chini

Gari ni Probox ya mjomba wangu, injini 1NZ-FE ya sisi 1,497, kazi yake kupandisha mizigo kutoka hapa Mtwara mjini kwenda Tandahimba na Newala na kurudi na chochote kilichopo, muhogo, mbaazi, msimu wa korosho ukiingia ndo haipumziki kabisa. Mwaka juzi ilifanyiwa ovahoo kwenye gereji nyingine, ikawekwa ringi na beringi mpya, ikaenda vizuri miezi kadhaa afu ikaanza kugonga. Mlio mzito wa huku chini, ukiwa kwenye mzunguko wa 2,000 hivi kwa dakika ukaachia mafuta kidogo ndo unausikia vizuri. Tukachomoa plagi ya koili moja moja injini ikiwa inawaka, tulipofika silinda namba 3 mlio ukapungua sana, hapo nikamwambia mjomba asiwashe tena, tuvute tu mpaka gereji.

Sampu, beseni la oili chini ya injini, imeshuka leo. Oili ina vumbi linalong'aa, chujio la pampu limeshika vipande vyembamba vya beringi. Konrodi ndo mkono unaounganisha pistoni na krenki, na kepu ndo kifuniko chake cha chini kinachofungwa kwa bolti mbili. Kepu ya konrodi namba 3, bolti ya upande mmoja imetoka kwa vidole, sijaweka hata soketi. Ya upande wa pili ilikuwa ngumu mpaka tukaongeza bomba kwenye mpini. Beringi, lile ganda linalokaa kati ya konrodi na krenki, imezunguka ndani ya konrodi, imebaki nyembamba kama karatasi na shingo ya krenki, pale konrodi inaposhika, ina michirizi unayoihisi kwa kucha.

Naandika hatua kwa hatua kwa sababu 1NZ zimejaa huku kusini, IST, Raum, Spacio, Probox, na hiki nilichokikuta humu ndani sio mara ya kwanza nakikuta. Injini haikufa kwa oili wala kwa mzigo, imekufa kwa bolti mbili za konrodi moja ambazo zilikazwa kwa mkono tu, moja ikazidishwa na nyingine ikaachwa.

Gharama mpaka sasa hakuna, ni kuvuta gari tu na jirani alitusaidia.

17 Juni: bolti zote nane mezani

Pistoni zimetoka zote, kila kepu imerudishwa kwenye konrodi yake na kuwekewa namba ya silinda. Hili usilifanyie mchezo, konrodi na kepu yake zilichongwa pamoja kiwandani, ukichanganya kepu tundu halitakuwa duara tena na beringi utakayoweka itakula upande mmoja.

Bolti nimeziosha kwa petroli, nikazipanga kwa namba afu nikazipima kwa vania pale kwenye shingo, sehemu nyembamba ya katikati. Kwa 1NZ bolti nzuri inasoma kati ya 6.6 na 6.7 mm, mwisho wa kuitumia ni 6.4, chini ya hapo inatupwa. Tano zimesoma vizuri, moja iko 6.5, na ile iliyokuwa ngumu ya namba 3 imesoma 6.2. Hata bila vania unaiona, ukiishika kwenye mwanga wa mlangoni shingo imeingia ndani na thredi za karibu na shingo zimeachana kidogo, ukiizungusha kwenye thredi za konrodi inakwama njiani wakati bolti nzima inatakiwa iingie yote kwa vidole. Ile iliyolegea yenyewe kipimo kiko sawa ila thredi zimesagika kwa kucheza.

Mjomba alipita jioni akauliza, "Sasa mjomba, si uzioshe tu uzirudishe, mbona ni vyuma vizima?" Nikamweleza hivi, na nitaeleza na hapa kwa sababu ndo kiini cha kazi nzima. Bolti ya konrodi inashika kwa sababu imevutika. Ni kama mpira wa kufungia mzigo kwenye bodaboda, usipouvuta mzigo unacheza, ukiuvuta kupita kiasi unalegea na haurudi tena. Bolti iliyovutwa sawasawa inabana kepu kwa nguvu kubwa kuliko ile inayokuja kuitenganisha, kwa hiyo injini ikizunguka yenyewe haihisi mabadiliko mengi. Iliyolegea inahisi kila mzunguko, inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa, mpaka inakatika au beringi inazunguka.

Na nguvu yenyewe sio ndogo. Watu wengi wanadhani kinachotesa bolti ni ule mlipuko wa mafuta, lakini mlipuko unasukuma konrodi chini kwenye krenki, kepu haihusiki. Kinachotesa bolti ni pistoni ikifika juu kabisa mwisho wa kutoa moshi, hapo hakuna presha ya kuizuia na krenki inatakiwa kuivuta ghafla irudi chini. Straiki ya 1NZ, yaani safari ya pistoni kutoka juu mpaka chini, ni 84.7 mm, ukipiga hesabu kwenye mzunguko wa 6,000 pistoni inavutwa kwa nguvu inayozidi mara 2,000 uzito wake mwenyewe. Na ukiongeza mzunguko mara mbili hiyo nguvu inakuwa mara nne. Zote hizo zinashikwa na bolti mbili zenye shingo nyembamba kuliko kidole cha mtoto.

Mjomba akanyamaza kidogo akasema basi nunua zote nane. Korosho haijaanza na hela yake ni ya kuhesabu, nimeshukuru kwamba kwenye hili hakubishana.

21 Juni: krenki na konrodi

Hapa nitapita haraka. Krenki ya zamani shingo namba 3 imeliwa sana, tukaona kuliko kuituma Dar kuchongwa ni bora krenki ya mtumba. Imepatikana kwa 180,000. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alikuja na maikromita yake, shingo za konrodi zote nne zimesoma ndani ya 39.992 na 40.000 mm ambayo ndo standadi, na hazijaliwa umbo la yai. Konrodi namba 3 tundu lake limebadilika rangi kwa joto, imetupwa, ya mtumba 40,000, nimechagua inayokaribiana uzito na zile tatu kwa mizani ya dukani. Beringi za konrodi standadi 60,000. Ukinunua angalia namba iliyogongwa kwenye kepu, ni 1, 2 au 3, na beringi nazo zina unene wa kupishana kufuata hizo namba, usiseme tu "nipe standadi" ukaondoka.

24 Juni: bolti zimekuja sizo

Niliagiza bolti nane Dar zije na basi. Zimefika, kwenye pakiti imeandikwa vizuri, zinaingia kwenye thredi kabisa bila tatizo, na hapo ndo pa hatari kwa sababu mtu mwenye haraka angefunga. Nikaziweka sambamba na za zamani juu ya kioo. Zimezidi urefu kidogo na shingo ni nene kuliko zetu. Bolti yenye shingo nene inavutika tofauti, kile kipimo cha kiwandani kimepangwa kwa shingo ya 6.6, kwa hiyo hata ukifuata namba za kitabu hutapata kinachotakiwa. Na ile ndefu ikigota mwisho wa tundu kabla kichwa hakijabana kepu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) italia ukadhani umekaza kumbe kepu inaelea.

Zimerudishwa na basi la kesho yake. Wa dukani alikubali kubadilisha bila ugomvi, tumeumia nauli ya parseli tu kwenda na kurudi, jumla 15,000. Bolti zenyewe 12,000 kila moja, yaani 96,000.

28 Juni: toki renchi inayodanganya

Leo ndo siku iliyokula muda na ndo naomba usome taratibu.

Kipimo cha konrodi za 1NZ ni Nm 15 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), afu unaongeza digrii 90, basi. Nm 15 ni ndogo sana. Toki renchi niliyoazima kwa jirani ni ya nusu inchi, hizi zinazouzwa kila duka la vifaa, kipimo chake kinaanzia 28 mpaka 210. Maana yake 15 haipo kabisa kwenye mpini. Kuna waliosema iweke chini ya mstari wa mwisho ukadirie, sikukubali, toki renchi za kulia "tik" kwa kawaida unaziamini kuanzia asilimia 20 ya kipimo chake cha juu na kupanda, huko chini springi yake iko huru.

Nikataka kwanza nijue hata hiyo 28 yake ni ya kweli. Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa dada mmoja anayeuza samaki feri, ile yenye ndoano. Mizani yenyewe nikaihakiki kwanza, ndoo tupu nikaipima, nikamimina maji lita 5 kwa chupa za lita moja, tofauti ikatoka kilo 5 bila pungufu ya kuonekana, safi. Afu toki renchi nikaibana kwenye vaisi kupitia soketi, ndoano ya mizani nikaiweka katikati ya mpini sentimita 40 kutoka katikati ya soketi, nikavuta ikiwa pembe mraba na mpini. Hesabu yake ni rahisi, gawanya Nm kwa urefu wa mita, afu gawanya kwa 9.81 upate kilo. Kwa 28 na sentimita 40 ilitakiwa ilie kwenye kilo 7.1. Imelia karibu na 9. Nikarudia, ileile. Hiyo ni Nm 35, yaani imezidisha kwa robo nzima. Mwenyewe amesema huwa anaiacha imefungwa kwenye 120 za nati za matairi miezi na miezi, na hiyo huharibu kipimo. Ukimaliza kazi rudisha toki renchi kwenye alama yake ya chini kabisa, usiizidishe chini ya hapo, ndo ilale.

Kwa hiyo ya jirani imerudi kwake na maelezo. Nimeagiza ndogo ya robo inchi ya kuanzia 5 mpaka 25, 95,000 mpaka inafika hapa. Ni hela nyingi kwa kitu kidogo vile, lakini ni kifaa cha gereji kitakaa, mjomba hatoi yote.

Kwa asiyeweza kununua, mizani ya samaki peke yake inatosha. Chukua mpini wa kawaida usiokunja, weka alama sentimita 30 kutoka katikati ya soketi, ndoano hapo, vuta taratibu pembe mraba mpaka mizani isome kilo 5.1. Hiyo ndo Nm 15.

1 Julai: mzee na mkono wake

Amekuja mzee mmoja fundi wa siku nyingi, ametengeneza malori ya korosho tangu mi sijazaliwa, nikamwamkia akakaa. Kuona tunapanga kukaza konrodi kwa 15 akasema, "Mwanangu, hiyo utaiokota barabarani Nanyamba." Anachokijua yeye ni cha kweli kwa injini zake. Corolla za zamani za 4A konrodi zina nati, unakaza Nm 49 moja kwa moja hakuna digrii. Ndo maana 15 inamshtua. Ila namba ya 4A haihami kwenda 1NZ, hata ndani ya Toyota hizihizi za digrii, 3S za miaka ya tisini ni 25 na digrii 90, 1ZZ ni 20 na digrii 90. Kila injini na yake, ukibadilisha injini rudi kwenye kitabu.

Nikamwomba tufanye pamoja kwenye konrodi ya zamani kwenye vaisi, na bolti za zamani zilizo nzima. Tukakaza 15 kwa mizani, tukachora alama, tukageuza robo mzunguko huku mizani ikisoma. Mwisho wa robo ile mizani ilishapita kilo 12 kwenye sentimita 30. Mzee akaushika mpini mwenyewe, akageuza bolti ya pili, akasema kumbe nguvu iko kwenye robo. Ndivyo. Ile 15 ni ya kuziweka sehemu zote zimegusana sawa, kazi yenyewe inafanywa na digrii.

Na sababu ya kutumia digrii ni msuguano. Kwenye nguvu unayoweka kwenye spana, kama asilimia 90 inaliwa na msuguano, chini ya kichwa na kwenye thredi, inayobaki kuvuta bolti ni kama 10 tu. Thredi ikiwa kavu au ina mchanga toki renchi italia mapema na bolti haijavutika. Digrii hazijali hilo, bolti ikishagusa, robo mzunguko ni robo mzunguko, imeingia umbali uleule.

5 Julai: plastigeji na chembe ya mchanga

Krenki imelala kwenye bloku, kepu za meni, zile zinazoishika krenki kwenye bloku, zimekazwa 22 na digrii 90. Leo kupima nafasi ya oili kwenye konrodi kwa plastigeji, uzi laini unaobanwa kati ya beringi na shingo afu upana wake ndo unakuonyesha nafasi, 15,000. Kwa kupima nimetumia bolti za zamani zilizosoma vizuri, mpya zinangoja kufunga kwa mwisho.

Namba 1 sawa, namba 4 sawa. Namba 2 ule uzi wa plastigeji umelala mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili. Shingo ya krenki tulishaipima haina tatizo, kwa hiyo nikaitoa beringi nikaangalia mgongo wake kwa tochi. Kuna kidoa kinachong'aa ukubwa wa kichwa cha pini, na kwenye tundu la konrodi palepale kuna chembe ya mchanga imejibandika. Upepo wa mchana ulikuwa unaingia kutoka barabarani na sakafu yetu ni ya udongo. Chembe moja inainua beringi, nafasi ya oili inapotea pale, na bolti unaikaza juu ya kitu ambacho kitasagika baadaye na kuiacha imelegea.

Tumehamisha kazi yote kwenye chumba cha stoo, dogo akamwaga maji sakafuni, dirisha likazibwa kwa nailoni. Mgongo wa beringi na tundu lake vinafutwa vikavu kabisa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, oili inakaa upande wa shingo tu. Tukapima upya namba 2, uzi umelala sawa mwanzo mwisho. Zote nne ziko chini ya 0.04 mm, mwisho wa kuruhusiwa ni 0.06.

10 Julai: kukaza kwa mwisho

Sabasaba imepita, toki renchi ndogo imefika na bolti sahihi zilishafika. Nimeihakiki na mizani ya samaki kabla ya chochote, mpini wake katikati ni sentimita 22, kwa 15 ilitakiwa ilie karibu na kilo 7, imelia hapohapo.

Utaratibu uliokaa vizuri kwetu ni huu. Tundu la thredi limepulizwa, bolti mpya imepakwa oili ya injini nyepesi kwenye thredi na chini ya kichwa, chini ya kichwa ndo wengi wanasahau. Alama ya kepu inaangalia mbele. Bolti zinaingia kwa vidole mpaka zinagusa, afu unakaza kwa kupokezana, kidogo huku kidogo kule, mpaka zote mbili zifike 15. Ikitokea moja haifiki 15 au inaendelea kuzunguka laini, itoe, usiibembeleze. Zikifika, rangi ya kucha nukta moja kwenye kichwa upande wa mbele, na nukta nyingine kwenye kepu pale kichwa kitakapofika kikigeuka robo. Geuza kwa mvuto mmoja bila kusimama njiani. Nukta zikikutana acha, usirudishe toki renchi kuhakikisha, kwa sababu hapo ikilia haina maana yoyote na ukiendelea kuvuta unaiharibu.

Kila konrodi ikiisha nazungusha krenki kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kwenda nyingine. Namba 3 ilipoisha krenki ikawa nzito kidogo kuliko mwanzo. Tukaifungua. Sababu ni dogo aliweka kepu alama ikiangalia nyuma, haikuonekana kwa sababu ya oili. Bolti zile mbili zilikuwa zimeshageuzwa mara moja, nimezipima, 6.6 zote, zinaruhusiwa kurudi, tukageuza kepu, oili upya, 15, nukta mpya, robo. Krenki ikawa nyepesi.

13 Julai: imewaka

Hedi 29 afu 90 afu 90 kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje, cheni, kava ya mbele, gasketi seti 85,000. Oili lita 3.7 na filta 75,000. Kabla ya kuwasha tumetoa plagi zote na fyuzi ya mafuta, tukapiga stata kwa vipindi mpaka taa ya oili ikazima, hapo ndo beringi zimeshapata oili na unaruhusiwa kuwasha. Imewaka. Mlio wa chini haupo, nimesikiliza kwa bisibisi ndefu kwenye bloku silinda zote nne.

Jumla ya vitu mpaka hapa 661,000 bila ufundi, na hapo ndani iko ile toki renchi.

9 Agosti: kilomita 1,000

Mjomba ameenda nayo Newala na kurudi kwa upole kama tulivyoelewana, bila mzigo mzito na bila kuvuka mzunguko wa 3,000. Tumemwaga oili leo kwenye beseni jeupe, tukapitisha sumaku, imetoka na unga mwembamba kidogo wa chuma, hakuna kipande cha beringi. Filta tumeikata kwa msumeno tukaikunjua juani, karatasi ni safi.

Kilichobaki ni kava ya cheni inavuja oili kidogo kona ya chini upande wa pampu ya maji, silikoni haikushika pale. Itatolewa wiki ijayo na kupakwa upya, oili mpya imeshawekwa hivyo haisubiri zaidi ya hapo. Sampu nayo itafunguliwa tena akifikisha kilomita 5,000, nitachungulia nukta za rangi kwenye bolti za konrodi kwa tochi kuona kama zimehama. Nikishaangalia nitaongeza hapa.